Mama Hajanyamaza

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka, nimevaa mashine zangu za masikio kama kila siku, na kabla sijasalimiana na mtu yeyote sauti ya mwanamke imeniambia ndani ya kichwa: Hongera! Sasa unasikia kwa akili mnemba.

Hongera ya nini? Nimejifungua? Yaani akili yangu ya kuzaliwa wameiona haitoshi!

Kwenye simu kuna ujumbe mrefu wa kampuni. Mashine zimejisasisha zenyewe nikiwa nimelala, zikiwa kwenye chaja. Sasa zina kitu kinaitwa Usikivu Mwerevu. Kazi yake ni kuchagua. Maneno ya watu kinayaacha yaingie, kelele kinazifuta. Hakuna aliyeniuliza. Chini kabisa kuna kitufe kimoja tu: "Asante, nimeelewa". Sijaelewa, wala sijashukuru, lakini bila kukibonyeza programu haifunguki. Nimebonyeza.

Niseme ukweli kwa vile hapa najisomea mwenyewe — njiani kulikuwa kutamu. Barabara nzima kama imefunikwa blanketi. Muuza magazeti namsikia kama yuko sebuleni kwangu. Nikajiambia, haya, huenda nimewahukumu mapema.

Kisha nikafika gereji.

Pikapu ya mwenye bucha ilikuwa inanisubiri. Nimeingia, nimezungusha ufunguo. Kimya. Nimezungusha tena. KRRRR! Si kwamba nimeisikia — nimeihisi mkononi na nimeiona kwenye nyuso za watu. Injini ilikuwa inawaka tangu mara ya kwanza! Mimi, fundi mzima, nimepiga stata juu ya injini inayonguruma. Hilo ni kosa la mtu anayefundishwa gari na mjomba wake siku ya kwanza. Spana, mwenzangu wa benchi la pili, kacheka hadi kakalia tairi. Bosi hakucheka. Hicho ndicho kilichoniuma.

Mimi injini naijua kwa kuisikiliza. Wengine wanatumia macho, wengine kompyuta, na wote tunakula. Beringi ikianza kulia, vali ikigonga, mkanda ukilegea, kila kimoja kina sauti yake. Leo, kwa mujibu wa kampuni, zote hizo ni takataka.

Nyumbani Mama naye kimya. Tangu kiharusi kimnyang'anye maneno anazungumza kwa kuguna tu, mdomo umefumba. Mguno mfupi ni ndiyo. Mrefu unaoshuka ni hapana. Miwili ya haraka ni njoo. Leo hajaguna hata mara moja. Nimemwogesha, nimemlisha — hakuna. Atakuwa amenuna kwa vile nimechelewa.

Jumanne, 4 Machi

Nimefungua mipangilio ya ile programu kila kona. Naweza kubadilisha rangi ya vitufe. Naweza kumchagulia yule mwanamke wa Hongera sauti nyingine, hata ya kiume. Kuzima? Hakuna kuzima. Popote!

Nimepiga huduma kwa wateja wakati wa chakula cha mchana. Anayepokea naye ni mashine. Nimeiambia nataka kuzima Usikivu Mwerevu. Ikasema imefurahi kusikia nimeupenda. Nikasema sijaupenda. Ikaomba radhi kwa usumbufu, ikaniuliza kama ningependa kuelezwa faida zake. Nikaitamkia neno ambalo Mama angelisikia angeninyima chakula. Ikasema asante kwa maoni yako.

Bosi kaniita pembeni. Kasema kwa upole, na upole wake ndio mbaya: fundi, kwa sasa wewe badilisha oili na matairi, injini tumwachie Spana mpaka mambo yako yakae sawa. Mambo yangu! Kana kwamba mimi ndiye niliyeharibika. Spana mwenyewe kaona haya, kaniletea soda.

Mama bado amenuna. Nimepiga magoti mbele yake nikamwuliza, Mama, nimekukosea nini? Ananitazama tu. Macho yamejaa maji, mdomo umefumba. Kisha kageuza uso ukutani.

Sijui nimefanya nini. Nakwazika kuliko ninavyotaka kukubali.

Jumatano, 5 Machi

Mama amenuna. Mimi nimenuna. Chai imenywewa bila neno. Oili, matairi, oili. Hakuna jipya.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi. Naandika hivyohivyo.

Nilikuwa jikoni namenya viazi. Mlango wa mbele kafungua jirani, yule mshonaji tunayegawana naye ukuta. Kaingia bila hodi, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, hasira mpaka kwenye nywele. Kaniuliza kama sina utu. Kasema amemsikia mama yangu ananiita tangu anaanza kola ya shati, sasa yuko kwenye vifungo na bado anaita, na mimi nipo hapa namenya viazi kama sisikii.

Kama sisikii!

Nimekimbilia chumbani. Kiti chake cha magurudumu kilikuwa kimebana kati ya kitanda na kabati. Gurudumu limepinda. Na mkono wake mzima — ule mmoja uliobaki na nguvu — vidole vilikuwa vimenaswa kati ya gurudumu na ubao wa kitanda. Vimevimba, vimebadilika rangi. Nimeinua kitanda peke yangu, sijui nguvu zilitoka wapi. Jirani kavuta kiti. Vimetoka.

Jirani namsikia vizuri kabisa, safi kama redio: pole mama, pole, tulia. Mama nimemtazama. Mdomo umefumba. Shingo inatetemeka. Kimya. Nikamwambia jirani, mbona hata kulia halii? Jirani kanitazama kama nimerukwa na akili. Kasema, si huyo analia hapo mpaka sasa?

Nimezing'oa zile mashine masikioni. Nimeweka sikio langu karibu na uso wake.

Alikuwa anaguna. Miwili, miwili, miwili. Njoo. Njoo. Njoo.

Hajanuna. Hajawahi kununa! Siku zote hizi anazungumza na mimi, na mimi nampita kama kabati. Alipogeuza uso ukutani alidhani binti yake amemchoka. Kampuni imemsikiliza mama yangu mzazi, ikaamua yeye ni kelele, ikamfuta.

Nimelia mbele ya jirani, sijali. Mama ndiye aliyenibembeleza, kwa mkono wake uliovimba. Kisha nikamweleza yote, polepole. Alipoelewa kasonya msonyo mrefu — jirani kaniambia umesikika mpaka uani.

Ijumaa, 7 Machi

Zahanati ya masikio. Daktari ni yuleyule aliyenifungia mashine hizi mara ya kwanza, mtu mwema, ana kikohozi kisichoisha. Nimemwambia nirudishie zilivyokuwa. Kachomeka waya kwenye kompyuta, kapekua, katikisa kichwa. Kasema toleo la zamani limefutwa hukohuko kampuni. Zamani alikuwa anazirekebisha hapa mezani kwa mkono wake, sasa hata yeye wamemnyang'anya funguo, ameachiwa kioo cha kutazamia tu.

Nikamwuliza, hizi mashine ni zangu au za nani? Kasema mashine ni zako. Akili iliyomo ndani ni yao. Wewe umeruhusiwa kuitumia.

Nikamwambia basi waitoe akili yao, waniachie mashine. Kacheka, kisha kakohoa, kisha hakucheka tena. Kasema kila mtu aliyekuja wiki hii anasema hivyohivyo, kasoro mmoja: mzee mmoja anafurahi kwa vile hasikii tena majirani wakigombana. Kuhusu Mama kasema mashine inatafuta umbo la maneno. Mguno hauna maneno, inautupa. Mashine zisizo na akili hiyo hana, na za kampuni nyingine zinasemekana zinaelekea hukohuko.

Kaniambia niandike malalamiko. Nimeandika palepale, kwenye ukurasa wao. Nimemaliza, ule ukurasa ukaniuliza: "Je, ungependa akili mnemba iyaboreshe maandishi yako?" Nusura niitupe simu kwenye beseni la daktari.

Sasa basi. Nitakula nao sahani moja.

Jumamosi, 8 Machi

Nimevua. Nimeziweka kwenye kikombe kilichovunjika mkono, juu ya friji.

Masikio yangu yaliharibika taratibu. Sauti nyembamba zilitangulia kuondoka, nzito zikabaki. Kwa hiyo bila mashine maneno ya watu yananiponyoka, ni kama wanatafuna. Lakini mguno wa Mama ni mzito. Nikiwa karibu naupata. Nikiwa jikoni siupati.

Nimehamishia maisha yangu yote chumbani kwake. Viazi, pasi, daftari hili. Tunagunana kutwa nzima. Ana mengi ya kusema baada ya kimya cha kusingiziwa! Nusu yake ni kunisema kuhusu nguo zangu za kazi.

Vidole vinashuka uvimbe.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi jirani kakubali kukaa na Mama, kaja na cherehani yake kabisa. Nimemwambia sijui nitamlipa vipi wema huu. Kaniashiria ninyamaze niende.

Nimeingia gereji masikio matupu. Nimemwambia Bosi mbele ya wote, kwa sauti kubwa kwa vile siwezi kuipima: nirudishie injini! Kasema kitu. Sijakisikia. Nimempa chaki nikamwonyesha sakafu. Bosi, na tumbo lake lile, kainama kaandika: UTASIKIAJE WATEJA? Nikaandika chini yake: WATEJA WATAANDIKA. INJINI HAIJUI KUANDIKA.

Spana kapiga makofi. Bosi kaniachia lori la mizigo kwa majaribio. Nikaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma cha injini, mpini nikauegemeza kwenye mfupa nyuma ya sikio — njia ya mafundi wa zamani, Spana mwenyewe anaitumia akiona kompyuta inamzungusha. Ikaja yote. Tokotoko la beringi ya pampu ya maji, wazi kabisa. Nimeifungua, ndiyo yenyewe. Ah! Nilikuwa nimesahau raha hii.

Ila mteja wa pili kaniita mara nyingi, sijageuka, akaondoka amekasirika. Na nusura kigari cha kubebea matairi kinigonge kikirudi nyuma, Spana kanivuta kwa kola. Sijidanganyi. Bila mashine ninaweza kufa kijinga.

Jioni ujumbe wa kampuni! Wamesoma malalamiko. Wanasikitika. Wana suluhisho: watamtuma mtu nyumbani arekodi sauti ya Mama, mashine ijifunze kwamba ile ni sauti ya mtu, halafu itaniruhusu niisikie.

Itaniruhusu. Nimeisoma hiyo mara kadhaa kwa sauti.

Jumatano, 12 Machi

Nimeyasoma masharti yao yote. Kazi imenichukua jioni nzima, maana yameandikwa ili mtu asinzie. Kwa ufupi: miguno ya Mama itakuwa mali yao. Si ya kunisaidia mimi tu. Wataitumia kuboresha bidhaa zao, popote, bila mwisho, wakimpa nani, wakimwuzia nani, hatuulizwi. Na ili ijifunze vizuri kitawekwa kidude cha kusikiliza chumbani kwake muda wote. Muda wote! Mama anaogeshwa humo. Mama analia humo, akimkumbuka Baba.

Kwanza wamenifungia mama yangu, sasa wananiuzia ufunguo, na ufunguo wenyewe ni mama yangu.

Kaka yangu kapata habari, nadhani kwa jirani. Yeye yuko mbali, kwa hiyo tumebishana kwa maandishi. Kasema nisiwe mbishi. Kasema kila mtu ameshasikilizwa na simu yake siku hizi, miguno ya bibi kizee wataifanyia nini? Kasema fikiria akinaswa tena, au aanguke, usisikie. Hapo kanishika pabaya, anajua. Kisha kamalizia na methali, sikio la kufa halisikii dawa. Nimemjibu: masikio ya kufa nayajua mimi, wewe tuliza yako.

Ndipo akaniambia. Ameshawapigia. Ameshawaambia waje Ijumaa!

Na yeye tena. Wote wananipangia.

Nimemweleza Mama kila kitu, sikuficha hata hofu ya kuanguka. Nikamwuliza, unataka wakurekodi? Mguno mrefu, unashuka mpaka chini. Nimfukuze huyo mtu mlangoni? Mrefu tena. Basi aje? Mfupi. Kisha kajigonga kifuani kwa vidole vyake vya uvimbe.

Anataka kumkatalia mwenyewe.

Alhamisi, 13 Machi

Mama kaniagiza kwa macho nimtolee gauni la kijani. La heshima. Anajiandaa kama anaenda kumkatalia mchumba.

Ijumaa, 14 Machi

Niko jikoni sakafuni. Naandika haraka maana sijui nitaachiwa muda gani. Daftari nilikuwa nimelisahau kwenye droo ya vijiko, ashukuriwe Mungu.

Mtu wa kampuni kaja. Dada mdogo kuliko nilivyotarajia, viatu kavua mlangoni, tableti kaikumbatia kifuani. Nilivaa mashine ili nimsikie yeye. Kampa Mama shikamoo, kapiga na magoti kidogo. Mama kajibu, nimeiona shingo ikitetemeka, na yule dada katabasamu kwa vile kaitikiwa. Mimi sikupata kitu. Hebu fikiria. Mgeni anamsikia mama yangu, mimi simsikii, na nimevaa mashine za kusikia!

Kaeleza mambo yake kwa adabu. Sina ugomvi naye, kusema kweli. Nimempa chai. Kaifungua tableti, kaiweka mapajani pa Mama. Kasema sheria inadai mwenye sauti akubali kwa kinywa chake, mwanawe hawezi kumkubalia wala kumkatalia. Nikasema vizuri sana, hicho ndicho tunachotaka. Nikazivua mashine, nikakaa karibu na Mama, bega kwa bega, nisipitwe.

Tableti imesoma masharti, maandishi yakipita. Mwishoni: JE, UNAKUBALI SAUTI YAKO IREKODIWE?

Mama kanyoosha mgongo. Kaguna ule mrefu. Haujawahi kuwa mrefu hivyo. Umeanza juu, umeshuka, umefika chini, umekaa hukohuko. Kwenye bega langu nimeuhisi mpaka mwisho. Hapana kamili. Hapana ya mtu aliyelea watoto wawili.

Tableti ikaandika: KIMYA KIMEPOKEWA. HAKUNA PINGAMIZI. Alama ya vema, kijani.

Nimemgeukia yule dada. Nikarudisha mashine moja sikioni nisikie atasema nini. Kasema, samahani dada, mfumo ndivyo ulivyo, mtu akinyamaza unachukua hana pingamizi. Nikamwambia Mama hajanyamaza! Kainamisha uso. Halafu kasema kwa sauti ndogo — mashine yao yenyewe ndiyo iliyonifikishia — kasema:

Mimi nimemsikia, dada. Ila mfumo haujasikia.

Nikamwambia basi futa. Kasema yeye hawezi. Anayeweza kufuta ni mwenye sauti peke yake, kwa kutamka neno "futa". Asipolitamka, yeye akishaweka kidole gumba chake kwenye tableti kufunga ziara, imekwenda. Na kidole kaanza kukisogeza. Si kwa ubaya. Kwa mazoea tu, kama mtu anayefunga mlango wa gari.

Nimeinyakua. Tableti kwa mkono mmoja, kiti cha Mama kwa mkono mwingine, mpaka jikoni, na mlango huu unafunguka kwa ndani, kwa hiyo nimempaki Mama nyuma yake nikafunga breki zote mbili. Mama ndiye komeo. Gauni la kijani na yote! Anacheka mabega yanaruka. Sijamwona hivi tangu augue.

Mlango unagongwa. Nimevua tena mashine, sisikii, ila sufuria ukutani inacheza.

Kaka anaandika kwenye simu. Umefanya nini wewe. Jibu. JIBU. Huyo dada ameshampigia, au wao. Nimelaza simu kifudifudi.

Tableti haikai kimya. Inaandika: KUONDOA IDHINI, TAFADHALI TAMKA: FUTA. Nikaona hapa pana njia. Nimeishika mbele ya Mama nikamwambia, Mama, jaribu tu, neno dogo. Fu. Ta. Tazama mdomo wangu. Fu.

Mama kaacha kucheka. Kanitazama vile alivyokuwa akinitazama nikirudi shule na kiatu kimoja. Kisha kaguna mrefu. Mimi ndiye niliyeambiwa hapana safari hii.

Nikasema Mama, ni neno moja tu, tumalize. Mrefu. Nikasema watakuchukua hivihivi. Kafumba macho, katulia, kanishika mkono wenye tableti akaushusha polepole mapajani.

Ameshasema. Hatasema mara mbili, wala hatajifunza lugha ya kitu kilichokataa yake. Nimeona aibu kwa kumbembeleza. Hapo nilikuwa nimeshaanza kufanya kazi ya kampuni, jikoni kwangu mwenyewe, bila mshahara.

HATUJAKUSIKIA. JARIBU TENA.

Hajaribu mtu hapa.

Sufuria imeacha kucheza. Chini ya mlango imeingia karatasi, imekunjwa, kumbe ni ile ya masharti, nyuma yake kaandika kwa kalamu: Dada naomba, nitafukuzwa kazi. Nikirudi bila tableti nimekwisha. Nina mtoto.

Simchukii. Maji yamezidi unga kwake pia. Nimemwonyesha Mama, kaisoma na yeye, kaguna kidogo, ule wa huruma.

Lakini huruma si ndiyo. Nimeichana kipande cha chini na kuandika:

Tableti utapewa. Wewe ulimsikia. Andika hapa alichosema, utie jina lako na saini, na mimi nitakipeleka kwao, kwa daktari, kwa hakimu, popote patakapofunguliwa. Mashine yao haikusikia, mtu wao alisikia. Ulimsikia akisema nini?

Nimesukuma. Nimemwambia Mama, tumemwachia yeye.

Kutoka hapa sakafuni naviona vidole vya miguu yake, soksi ya kushoto ina tundu. Karatasi iko katikati ya miguu yake. Hajaiinua, hajaondoka pia. Simu ya Kaka inatetemeka mezani. Mama kanigusa begani mara mbili, anataka nimweleze kinachoendelea huko nje.

Nimemwambia ameinama sasa. Ameishika kalamu. Bado haijagusa karatasi.